Seli Zinazomeza na Majina ya Maradhi: Lugha, Damu na Malaria katika Pwani ya Bagamoyo

1.0 Utangulizi



Mada ninayoileta mbele yenu huenda ikaonekana ngeni katika ukumbi ambao umezoea kujadili tendi, lahaja na sarufi. Nimekusudia kuzungumzia damu. Hasa seli nyeupe za damu, ambazo wengi wetu huziita chembechembe nyeupe, na jinsi zinavyovimeza na kuviangamiza vimelea vinavyoingia mwilini. Sikuchagua mada hii kwa kuingilia kazi ya matabibu. Nimeichagua kwa sababu kuieleza vizuri kwa Kiswahili ni kazi ya wanaisimu pia, na kwa sababu upo mji katika pwani yetu ambamo gharama ya kuieleza vibaya imewahi kuchunguzwa na kuandikwa. Mji huo ni Bagamoyo.

Hoja yangu ni moja. Katika pwani hii maradhi yatokanayo na malaria yalikuwa na majina kadhaa, kila jina likisimama peke yake kana kwamba kila moja lina asili yake na mganga wake. Mtu akielezwa kwa Kiswahili sahihi jinsi seli nyeupe zinavyokula, ataona kwamba majina hayo yanataja sura mbalimbali za jambo moja. Elimu ya kuyaunganisha majina hayo haihitaji maneno mageni mengi. Inahitaji tuchague vema miongoni mwa maneno tuliyo nayo.

2.0 Homa, bandama, safura na degedege

Katika miaka ya 1990 wilaya ya Bagamoyo ilikuwa uwanja wa mradi wa vyandarua vyenye dawa. Watafiti wa mradi huo waling'amua mapema kwamba hawawezi kuwashawishi watu kujikinga na malaria bila kujua kwanza watu wenyewe wanaiitaje. Mwaka 1996 walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu istilahi za wenyeji za maradhi ya homa, na katika mwaka huohuo yakachapishwa matokeo mengine yaliyohusu namna degedege lilivyokuwa likitibiwa.

Yaliyobainika yana uzito kwa mtaalamu wa lugha. Homa ya malaria ilijulikana kuwa ni ugonjwa wa hospitali. Degedege, yaani ule mtukutiko wa mtoto mwenye homa kali, macho yakimgeuka na viungo vikikakamaa, lilihesabiwa kuwa ni ugonjwa mwingine kabisa. Jina lenyewe linahusishwa na ndege, na katika imani za pwani linafungamana na pepo ajaye kwa sura ya ndege. Kwa hiyo, mara nyingi matibabu ya kwanza yalitafutwa kwa mganga, na hospitali ikafuata baadaye. Kwa mtoto mwenye malaria iliyopanda kichwani, saa chache za kuchelewa zinaweza kuwa ndizo saa za uhai wake.

Ukisikiliza mazungumzo ya kawaida utaona kwamba maneno bandama na safura nayo hutumika kwa namna hiyohiyo. Bandama, au wengu, ni jina la kiungo kilicho upande wa kushoto wa tumbo. Lakini mtu husema mtoto "ana bandama" akimaanisha uvimbe wenyewe, kana kwamba huo ni ugonjwa unaojitegemea. Safura ni upungufu wa damu, nao husemwa kama ugonjwa uliojijia wenyewe. Tunayo basi majina manne: homa, bandama, safura na degedege. Nitarejea kwayo baada ya kueleza jinsi seli inavyomeza.

3.0 Askari au mlaji?

Vitabu vya shule na mabango ya afya vimetuzoeza kusema kwamba seli nyeupe ni "askari wa mwili". Sitiari hii ilienea sana katika elimu ya UKIMWI, na ilisaidia. Hata hivyo ina upungufu. Askari hupigana kwa silaha, na adui hubaki nje yake. Seli nyeupe ninazozizungumzia hapa hufanya kinyume: humchukua adui na kumtia ndani ya mwili wake. Asiyelijua hilo hawezi kueleza kwa nini bakteria wa kifua kikuu, baada ya kumezwa, anaweza kuishi ndani ya seli ileile iliyommeza. Kwa lugha ya askari huo ungekuwa usaliti. Kwa lugha ya ulaji ni chakula kilichokataa kumeng'enywa.

Historia ya elimu hii inaiunga mkono lugha ya ulaji. Mwaka 1882, huko Messina katika kisiwa cha Sicily, mwanasayansi Elie Metchnikoff alichoma miiba ya waridi katika viluwiluwi vya kiti cha pwani, ambavyo miili yake hupenyeza mwanga. Kesho yake aliona kwa hadubini seli zinazotembea zimeuzunguka mwiba. Seli hizo ziliitwa kwa Kijerumani Fresszellen, yaani seli zinazokula, kwa kitenzi ambacho Wajerumani hukitumia kwa ulaji wa mnyama, si wa binadamu. Carl Claus wa Vienna alimshauri atumie jina la Kiyunani, naye akaunganisha phagein, yaani kula, na kytos, yaani chombo au chungu. Istilahi ambayo leo inaonekana nzito katika vitabu vya kimataifa ilianza kama maneno ya jikoni. Metchnikoff alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich.

Kiswahili kina vitenzi vingi vya mlo: kula, kutafuna, kubugia, kuakia, kufyonza, kumeza. Seli haina meno, kwa hiyo haitafuni. Haifyonzi, kwa kuwa humchukua mzima. Kinachostahili ni kumeza, na baada yake kumeng'enya. Katika mhadhara huu nitaziita seli hizi seli mmezaji, kwa muundo uleule wa sifa ya mtendaji tunaoutumia tunaposema mmea mlawadudu.

Neno kimelea nalo lastahili kutazamwa. Limetokana na kumea, kwa njia ya kumelea, yaani kuota juu ya kitu kingine. Babu zetu walilitumia kwa mmea ulioota juu ya mti wa mwenzake. Wanabiolojia wakalipanua hadi kwa kiumbe chochote kinachoishi kwa gharama ya kingine. Ni istilahi iliyoundwa vizuri, maana hata asiyesoma huikisia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hiki ki damuni.

4.0 Hatua za kumeza

Katika mikrolita moja ya damu ya mtu mzima mwenye afya mna seli nyekundu zipatazo milioni 5, na seli nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi. Miongoni mwa hizo nyeupe, zilizo nyingi zaidi ni neutrofili, ambazo huishi muda mfupi na hufika upesi penye hatari. Zipo pia monosaiti, ambazo hutoka katika damu, huingia katika tishu na kugeuka kuwa makrofaji, yaani walaji wakubwa. Makrofaji huweza kuishi kwa miezi, nazo hukaa kwa wingi katika ini, mapafu na wengu.

Tendo la kumeza lina hatua tano.

Kwanza ni kuvutwa. Tishu iliyojeruhiwa na kimelea kilichoingia hutoa kemikali, nayo seli mmezaji huzifuata kama mtu anayefuata harufu ya chakula hadi jikoni. Neutrofili hujibana na kupenya katika ukuta wa mshipa.

Pili ni kushika. Juu ya utando wa seli mna vipokezi, ambavyo hutambua alama zisizo za mwili wenyewe. Kimelea kitupu huweza kuwa kigumu kushikika. Hapo ndipo kingamwili hufanya kazi: hizi ni protini zinazojibandika juu ya kimelea na kuacha ncha moja nje, na seli mmezaji huishika ncha hiyo. Mwaka 1903, Almroth Wright na Stewart Douglas wa London waliviita viungo vya namna hii katika damu kwa jina lililotokana na neno la Kiyunani opson. Neno hilo lilitaja kile kiliwacho pamoja na mkate ili mkate ushuke. Tafsiri yake katika Kiswahili tunayo majumbani mwetu: ni kitoweo. Wali mkavu haushuki, na wali wenye mchuzi huenda wenyewe. Kadhalika kimelea kilichopakwa kingamwili humezwa upesi kuliko kilicho kikavu.

Tatu ni kukumbatia. Utando wa seli hunyooka pande zote mbili kama mikono, huzunguka windo, na ncha zake zikikutana huungana. Windo sasa limo ndani, katika kifuko kilichofungwa.

Nne ni kumeng'enya. Vifuko vingine vidogo vyenye vimeng'enya huungana na kile kilichobeba windo. Ndani yake hali hubadilika kuwa ya asidi, na seli huzalisha kemikali kali za oksijeni. Neutrofili hutengeneza hata asidi ya hipoklorasi, ambayo ni ya ukoo mmoja na dawa tunayotumia kuondolea madoa katika nguo nyeupe.

Tano ni kuonyesha. Makrofaji, baada ya kumeng'enya, huweka vipande vya windo juu ya utando wake na kuvionyesha kwa seli nyingine nyeupe ziitwazo limfosaiti. Hivyo mwili hujifunza. Mlo wa leo huwa somo la kesho.

5.0 Malaria: mlo usiopatikana kwa urahisi

Kimelea cha malaria iliyo kali zaidi katika pwani yetu ni Plasmodium falciparum. Mbu aina ya anofelesi anapouma huacha katika ngozi vimelea vyembamba viitwavyo sporozoiti. Hivi huingia katika damu na kufika katika ini, ambako seli za Kupffer, ambazo ni makrofaji, zimeketi katika kuta za mishipa kama mabawabu. Hila ya kimelea ni kwamba kinaweza kupita katikati ya mwili wa bawabu huyo bila kumeng'enywa. Katika ini hukaa kwa muda wa wiki moja hivi, hujigawa, kisha hutoka maelfu kwa maelfu na kuvamia seli nyekundu za damu. Kila kimoja hukaa nje kwa muda mfupi sana, pengine dakika moja au mbili. Muda huo ndio fursa ya mmezaji.

Kikishaingia katika seli nyekundu, kimelea hula kwa zamu yake. Hummeng'enya himoglobini na kuacha punje za rangi ya kahawia iliyokoza. Baada ya saa 48 hivi seli hupasuka, na vimelea vipya hutoka pamoja na takataka. Neutrofili na monosaiti hukimbilia takataka hizo na kuzimeza. Ndiyo maana fundi wa maabara akitazama kioo cha damu ya mgonjwa anaweza kuona punje hizo nyeusi ndani ya seli nyeupe. Seli hizo humsaidia kwa njia nyingine pia: huhesabu vimelea anavyoviona mpaka atimize seli nyeupe 200, kisha huzidisha kwa 40, kwa kukadiria kwamba kila mikrolita ya damu ina seli nyeupe 8,000. Vimelea 50 kwa seli nyeupe 200 ni sawa na vimelea 2,000 katika mikrolita. Mlaji amekuwa kipimo cha anayeliwa.

Sasa turejee kwa majina yetu manne.

Homa hutokea wakati seli nyekundu zinapopasuka. Seli mmezaji zinazokutana na takataka za kimelea hutoa kemikali zinazoupelekea ubongo ujumbe wa kupandisha joto. Kwa hiyo homa ni habari inayotoka mezani pa walaji.

Bandama hutokea kwa kuwa wengu ndio chujio la damu. Njia zake ni nyembamba, na makrofaji zimejipanga humo zikizimeza seli nyekundu zilizozeeka au zilizoharibika. Malaria inapomrudia mtoto mara kwa mara, kazi ya chujio huongezeka, nacho kiungo hukua hadi kuguswa kwa mkono chini ya mbavu.

Safura hutokea kwa sababu zaidi ya moja. Seli nyekundu zenye vimelea hupasuka. Uboho hupunguza utengenezaji wa seli mpya. Na makrofaji za wengu humeza pia seli nyingi ambazo hazikuambukizwa, lakini zimebadilika kidogo kwa ajili ya ugonjwa. Hapa sitiari ya askari haifai kitu, maana itatulazimu kusema kwamba askari wameigeukia raia. Mlaji anayekula kupita kiasi tunamjua sote.

Ama degedege, ndilo lenye mafunzo makubwa zaidi. Kimelea kinachokomaa ndani ya seli nyekundu kingepita katika wengu kingemezwa. Kwa hiyo hutoa juu ya seli hiyo protini inayonata, na seli hujibandika katika kuta za mishipa midogo, isizunguke na kufika kwenye chujio. Seli za namna hiyo zikijazana katika mishipa ya ubongo, mtoto hupoteza fahamu na kutukutika. Si kila degedege latokana na malaria, maana homa nyingine pia huweza kulileta. Lakini lile la malaria ya kichwani ni matokeo ya kimelea kumkimbia mlaji. Bandama na degedege, ambayo katika usemi wa kawaida hayana udugu, yamezaliwa na jambo moja: wengu hula, na kimelea hukwepa kuliwa.

Mzazi aliyeelezwa hivyo hahitaji kuliacha neno degedege. Neno na libaki. Anachohitaji ni kujua kwamba degedege la mwanawe lina udugu na homa ya jana, na kwamba zote mbili zahitaji kituo cha afya bila kuchelewa.

6.0 Windo lisilomezeka

Pwani hii ina maradhi mengine yanayotuonyesha mpaka wa kitenzi kumeza. Matende na mabusha huletwa na minyoo ambayo, ikipevuka, hukaa katika mishipa ya limfu. Mnyoo jike huweza kufikia sentimita kadhaa, na hata watoto wake wanaoelea katika damu wana urefu wa mikromita 250 hivi. Kipenyo cha neutrofili ni mikromita 12 hadi 15. Hakuna mdomo wa kumeza windo la ukubwa huo.

Mwili hutumia njia nyingine. Seli nyeupe ziitwazo eosinofili hulizunguka windo lililopakwa kingamwili, hujibandika, kisha humwaga sumu zilizomo katika punje zao juu ya ngozi yake. Katika miaka ya 1970, Anthony Butterworth na wenzake, waliofanya kazi Nairobi, walionyesha jinsi seli hizi zikisaidiwa na kingamwili zinavyoweza kuviharibu viluwiluwi vya kichocho. Kwa Kiswahili itakuwa kosa kusema kwamba eosinofili humeza mnyoo. Tuseme humwandama na kummwagia. Usahihi wa kitenzi hapa ni usahihi wa sayansi.

7.0 Kinga, chanjo na ridhaa

Bagamoyo ya karne hii imekuwa miongoni mwa vituo vinavyojulikana duniani kwa utafiti wa chanjo za malaria, kupitia tawi la Taasisi ya Afya ya Ifakara. Huko chanjo ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto wachanga 340, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Kisha Bagamoyo na Korogwe zilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoshiriki jaribio kubwa la mwaka 2009 hadi 2014. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2014, uliwahusu watu wazima wa kujitolea waliodungwa sporozoiti hai na kutibiwa chini ya uangalizi. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza RTS,S mwaka 2021, na chanjo ya R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo, mwaka 2023.

Kila mshiriki wa tafiti hizi, au mzazi wake, hupaswa kuelezwa na kuridhia. Maelezo hayo hutolewa kwa Kiswahili. Hapa ndipo uzito wa neno moja unapoonekana. Tunasema chanjo huleta kinga. Msikilizaji akilielewa neno kinga kama ngao, atatarajia mtoto asiugue tena. Lakini katika jaribio kubwa la RTS,S, watoto waliopata dozi nne, wakiwa wameanza katika umri wa miezi 5 hadi 17, walipungukiwa na matukio ya malaria kwa asilimia 36 hivi katika kipindi cha miaka kama minne. Mzazi aliyeahidiwa ngao ataona amedanganywa, na huenda akakiacha chandarua.

Lugha yetu yenyewe inatupa njia. Kukinga si kuzuia tu. Twasema pia kukinga maji ya mvua. Anayekinga maji kwa ndoo hapati kila tone lililoanguka juu ya paa, ila hapati hasara kwa kukinga. Kingamwili za chanjo nazo ni hivyo: huwahi sporozoiti katika safari yao fupi ya kwenda katika ini, huvizuia baadhi, na vingine huvipaka kitoweo ili seli mmezaji zivimeze. Vinavyoponyoka hubaki kuwa kazi ya chandarua na dawa. Maelezo haya ni ya kweli, na mtu wa Dunda au Kaole atayaelewa bila mkalimani.

8.0 Hitimisho

Mwenyekiti, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kazi hizo zilitupa istilahi. Iliyobaki ni kazi ya pili, nayo ni kuunda masimulizi sahihi kwa istilahi hizo: kuchagua kumeza pale inapomezwa, kumwagia pale inapomwagiwa, na kukinga kwa maana zake zote mbili.

Napendekeza kwa wanafunzi waliomo humu mambo mawili. La kwanza ni kukusanya majina ya maradhi katika lahaja za pwani, kutoka Bagamoyo hadi Saadani na Pangani, pamoja na mipaka ya maana zake kama wasemaji wanavyoiweka wenyewe. Utafiti wa mwaka 1996 ulionyesha njia, na lugha imesonga tangu wakati huo. La pili ni kuzisoma fomu za ridhaa na vipeperushi vya afya kwa jicho lilelile tunalosomea utendi, tukiuliza kila kitenzi kinamfanya msikilizaji aone nini. Kazi hiyo haina sifa nyingi, na matunda yake hayatahesabiwa katika majarida yetu. Yatahesabiwa kwa saa ambazo mzazi hatazipoteza pindi mwanawe atakapoanza kutukutika usiku.